Jibu: Bawa la mbele la Long-EZ, na kiwanja cha changarawe

Ndugu, umeuliza kwa nini Long-EZ, ndege ndogo ya kujijengea iliyobuniwa na Burt Rutan na kuruka mara ya kwanza 1979, ina bawa dogo puani badala ya mkia, na kama itafaa kiwanja chenu cha changarawe.

Bawa hilo ndilo roho ya ndege. Rubani akiinua pua kupita kiasi, bawa dogo huacha kubeba kwanza. Pua inashuka yenyewe, mwendo unarudi, na bawa kuu bado linabeba. Rutan alilibuni hivyo makusudi, kuwakinga marubani wanaoishiwa mwendo karibu na ardhi. Lakini uzito ukisogea nyuma mno, kinga hiyo inapotea. Tafadhali usikadirie kwa macho: pima ndege kwenye mizani.

Changarawe hapana. Propela iko nyuma, kwa hiyo mawe yanayorushwa na magurudumu yanaipiga moja kwa moja. Tena bawa kuu halina flapu (vibao vya ukingo wa nyuma vinavyoshushwa ili ndege iruke na kutua kwa mwendo mdogo), hivyo inadai njia ndefu ya lami.

Kwa kiwanja chenu ningejenga Zenith CH 701: ya bati la alumini, propela mbele, na inaruka kwa njia fupi sana.