Muulize Mwalimu: "Watoto wako nyumbani wiki ya tano, tunangoja kadi"

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Tumeingia Marekani wiki tano zilizopita, mimi, mume wangu na watoto watatu, wa miaka 6, 11 na 17. Kesi yetu ya hifadhi bado mbichi. Tunakaa kwa shemeji yangu, tunalala sebuleni, na mkataba wa nyumba una jina lake. Shemeji anasema tusiwapeleke watoto shule mpaka tupate kadi za Social Security, zile za namba ya serikali. Mimi nikaenda kimyakimya shule ya jirani. Karani akataka mkataba wenye jina langu, cheti cha kuzaliwa cha huyu mdogo (tulikiacha) na kadi ya chanjo. Kwa huyu mkubwa, karani akasema umri umempita, atafute masomo ya watu wazima. Mume wangu naye anasema tukijaza fomu zao tumejipeleka wenyewe kwa watu wa uhamiaji. Nifanyeje?
Mama wa Watatu

JIBU: Marahaba mama, poleni na safari. Kesho asubuhi rudi palepale. Hiyo kadi msiingoje.

Nianze na hofu ya baba watoto, maana ndiyo inayowaweka watoto ndani. Mwaka 1975 jimbo la Texas lilipitisha sheria ya kuzinyima shule fedha kwa ajili ya watoto wasio na vibali vya kukaa nchini. Wilaya ya elimu ya mji wa Tyler ikaanza kuwatoza wazazi wao dola 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto. Wazazi wakashitaki, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya nchi, na mwaka 1982 majaji 5 dhidi ya 4 wakasema mtoto hanyimwi shule ya umma kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji. Kesi hiyo inaitwa Plyler v. Doe. Ndiyo maana karani hana ruhusa ya kudai viza yenu kama sharti la kumwandikisha mtoto. Namba ya Social Security anaweza kuiomba, lakini hawezi kukukatalia kwa kuwa huna. Pale penye nafasi ya namba pawe patupu, endelea na mstari unaofuata.

Sitamdanganya mumeo. Januari 2025 serikali iliufuta mwongozo wa zamani uliowazuia maofisa wa uhamiaji kufanya kazi yao shuleni ila kwa nadra, kwa hiyo hofu yake haikuota hewani. Lakini haki ya mtoto kusoma haikufutwa, na sheria ya mwaka 1974 inayolinda kumbukumbu za wanafunzi ingalipo. Kwa vile mna kesi, kwenye fomu ya dharura msiandike majina yenu wawili peke yenu. Ongezeni mtu mzima mnayemwamini, mwenye simu inayopokelewa mchana, aruhusiwe kumchukua mtoto. Shemeji atafaa, hata kama kwa habari ya kadi amekosea.

Sasa mkataba wa nyumba. Iko sheria ya mwaka 1987 inayoitwa McKinney-Vento, na hapa ndipo utakapolazimika kumeza kitu. Sheria hiyo inaihesabu familia inayobanana kwa ndugu kwa sababu ya shida kuwa familia isiyo na makazi. Najua. Kwetu kukaa kwa shemeji ni undugu, na kuna mama mmoja niliyekuwa namtafsiria ambaye alisimama akataka kuondoka aliposikia neno hilo. "Mimi si ombaomba, Mwalimu." Nikamwambia mama, hilo ni neno la fomu tu, hakuna anayekutukana. Mtoto anayeingia kwa mlango huo anaanza masomo mara moja, hata bila cheti, bila kadi ya chanjo, bila mkataba. Karatasi zinatafutwa huku yeye yuko darasani. Kila wilaya ya elimu ina ofisa wa kazi hiyo. Ukifika dirishani usibishane na karani, mwambie unataka kumwona ofisa wa McKinney-Vento. Nimeona makarani wakibadilika sura kwa jina hilo peke yake. Omba na mkalimani hapohapo, kwako ni bure, na usimfanye huyu wa miaka 11 kuwa ndiye mkalimani wako.

Cheti cha kuzaliwa kisikunyime usingizi. Kinachotakiwa ni umri wa mtoto, na pasipoti inauonyesha, cheti cha ubatizo kinauonyesha, hata hati ya kiapo ya mzazi inakubalika sehemu nyingi. Toa kopi, vyeti halisi virudi kwenye mkoba wako.

Kwenye chanjo nitakaa kidogo kwa sababu mimi mwenyewe niliumbuka. Binti yangu alizaliwa tarehe 5 Novemba 2009. Nilipompeleka shule nilijigamba na kadi yake ya kliniki, nimeitunza kwenye nailoni, haina hata doa la chai. Nesi akaisoma, akashusha miwani, akanitazama. Akaisoma tena. Kisha akaniuliza kwa upole, mtoto huyu alichanjwaje miezi mitano kabla hajazaliwa? Chanjo ya kifua kikuu, ile ya siku ya pili, ilikuwa imeandikwa 6/11/2009, na Wamarekani hutanguliza mwezi, ndipo siku. Kwake hiyo ilikuwa Juni 11. Dozi ya 11/2/2010 ikageuka Novemba. Ya 5/8, ya surua, ikageuka Mei. Ile ya 17/12 haikuwa na mwezi wa kumi na saba wa kuangukia, ndiyo iliyotuokoa: nikamwekea kidole pale, tukacheka wote wawili, lakini binti alikuwa ameshapoteza siku nne za masomo. Kwa hiyo leo usiku chukua karatasi, andika kila chanjo na tarehe yake, mwezi uuandike kwa jina na si kwa namba, uibane pamoja na kopi ya kadi. Ufanye hivyohivyo kwa tarehe za kuzaliwa.

Na usishangae wakikwambia mtoto amekosa chanjo wakati wewe unajua hukuruka kliniki hata mwezi mmoja. Kwetu dozi ya kwanza ya surua hutolewa mtoto akiwa na miezi 9. Huku dozi iliyotolewa kabla ya mwaka mmoja haihesabiwi, na wanataka iwe pamoja na ya matumbwitumbwi, ambayo watoto wetu wengi hawakuchanjwa. Watarudia, haina madhara. Kama hamna bima, upo mpango wa serikali kuu, tangu 1994, wa kutoa chanjo bure kwa walio chini ya miaka 19. Ulizia idara ya afya ya kaunti. Wakitaka kumpima kifua kikuu, omba kipimo cha damu. Kile cha kuchoma mkononi huweza kuvimba kwa sababu tu ya ile chanjo iliyotuachia kovu begani, na hapo mtaanza kupelekwa eksirei bila sababu.

Huyu wa miaka 17 ndiye anayenipa wasiwasi, maana huyo akikosa safari hii harudi tena. Majimbo mengi yanampokea mwanafunzi wa sekondari mpaka ana miaka 20 au 21. Masomo ya watu wazima ni hiari yake, karani hawezi kumsukumia. Mwambie huyo karani akuandikie kwenye karatasi kwamba amemkatalia, na kwa sababu gani. Mara nyingi kalamu haitoki mfukoni. Ukishampitisha, vita ya pili ni darasa. Watataka kumtupa gredi ya 9 na watoto wa miaka 14 kwa sababu hawaoni krediti zake, yaani hesabu ya masomo aliyokwisha kufaulu. Alisoma mpaka kidato gani? Tafuta ripoti zake zote, za kila muhula, na zile alizoziacha nyumbani mtu azipige picha akutumie. Kaa na mshauri wa wanafunzi, mtaje somo kwa somo: hesabati, baiolojia, kemia, fizikia, historia. Kila moja aliyofaulu inaweza kuwa krediti, na krediti ndizo zitakazomhitimisha.

Majina pia. Mtoto akiwa na majina matatu na pasipoti imeweka la babu kama la ukoo, basi shuleni liwe hilohilo, na kliniki hilohilo, kwa herufi zilezile. Nimewahi kumtafuta mtoto mmoja kwenye kompyuta saa nzima, kumbe yumo mara mbili kama ndugu wawili.

SWALI: Mwalimu, kwenye fomu waliuliza nyumbani tunazungumza lugha gani. Nikaandika Kiingereza, kijana asije akadharauliwa. Yuko gredi ya 4 sasa. Anatikisa kichwa tu, na mwalimu wake anasema ni mvivu.
Baba Kijana

JIBU: Ndugu yangu, si wewe wa kwanza. Ile fomu haipimi akili wala haiulizi uraia. Ni mlango tu: ukiandika Kiswahili, mtoto anapimwa Kiingereza chake na kupewa msaada, ukiandika Kiingereza, wanamchukulia kama aliyezaliwa nacho, na akinyamaza wanamwona mvivu. Haki ya msaada huo ilipiganiwa na wanafunzi wa Kichina wa San Francisco, wakashinda Mahakama ya Juu mwaka 1974. Kila mwaka atapimwa tena, akifaulu anatolewa. Nyumbani endeleeni na Kiswahili, kwa hilo hamumharibii kitu.

Fomu inasahihishika. Mwandikie mwalimu mkuu leo, mistari mitatu inatosha: kwamba lugha ya nyumbani ni Kiswahili, kwamba ulikosea kujaza, na kwamba unaomba mtoto apimwe Kiingereza. Andika tarehe, mwezi kwa jina, na uipige picha kabla hujaikabidhi.