Kichwa cha lori cha 2010 kutoka Texas, nichukue?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Naendesha lori la watu huku California, sasa nimejichanga nataka kichwa changu mwenyewe. Kuna kimoja Texas, diseli, cha 2010, bei imekaa vizuri, muuzaji anasema filta ya moshi ilikuwa inamsumbua akaitoa na sasa mashine inavuta balaa. Wenzangu wanasema chukua tu, eti Trump kafuta sheria za moshi za California. Kweli?
Dereva, Fresno

JIBU: Ndugu yangu, hela usitume kwanza.

Hilo la Trump ni kweli nusu, na nusu hiyo ndo inaponza watu. Juni 2025 alisaini maazimio ya Congress yaliyofuta vibali vitatu ambavyo serikali kuu iliipa California, jimbo nalo likaenda mahakamani. Ila vibali vile vilihusu wanaotengeneza na kuuza magari mapya, kwamba waongeze ya umeme na injini mpya zitoe gesi chafu kidogo, na we hununui gari jipya. Inayokubana wewe ni sheria ya zamani ya 2008: lori la diseli linalozidi uzito wa pauni 14,000, kama kilo 6,350 hivi, liwe na injini ya 2010 kuja juu, na muda wa mwisho ulikuwa 1 Januari 2023. Chini ya hapo DMV, wale wa kusajili magari, hawakupi usajili hata ulie.

Sasa soma vizuri, nimesema injini ya 2010, sio lori la 2010. Viwanda vilikuwa vinafunga injini ya mwaka wa nyuma kwenye chasisi ya mwaka mpya, kwahiyo malori kibao ya 2010, na hata baadhi ya 2011, yana injini ya 2009 na hapo ushaliwa. Mwambie muuzaji apige picha stika ya moshi iliyobandikwa kwenye injini yenyewe, inaandika mwaka. Akianza kuzungusha maneno ushapata jibu.

Na hiyo filta, kwanza kuitoa ni kosa kwa sheria ya Marekani nzima, Texas imo. Pili, filta mara nyingi haizibi yenyewe, inazibishwa: nozeli inavujisha, au turbo inapitisha oili, masizi yanazidi. Huyu jamaa katoa filta, ugonjwa kauacha humohumo ndani, na ndo anaokuuzia. Kurudisha mfumo mzima ni maelfu ya dola, ile bei nzuri itayeyuka. Na usidhani utajificha, California siku hizi malori mazito ya diseli yanapimwa mara mbili kwa mwaka na kuna ada ya kila mwaka juu yake. Injini za 2013 kuja juu wanachomeka tu kifaa kwenye kompyuta ya lori, za zamani wanapima weusi wa moshi halafu wanachungulia kama vifaa vyote vipo, na bomba lisilo na filta linaonekana tu.

Mi ningeachana nacho. Tafuta cha injini ya 2013 na kuendelea, na kabla ya kulipa, fundi asome kompyuta aone filta inajichoma, yaani inaunguza masizi yaliyojaa ndani yake, kila baada ya muda gani, ikiwa inajichoma kila saa mbili tatu barabarani hicho nacho kipite.