Kabla Hamjailaumu Bondi

Wadogo zangu mlioanza intanshipu ya udaktari wa meno, juzi nilisimama nyuma ya mmoja wenu nikamwona akipuliza hewa kwenye dentini, sehemu ya jino iliyo chini ya enameli, mpaka ikawa nyeupe kama chokaa, kisha akanyoosha mkono achukue bondi, gundi ya kushikisha jazo kwenye jino. Wiki hiyo hiyo mwingine alinijia akilalamika kwamba chupa mpya "haishiki". Chupa haina kosa. Kila mwaka naona haya haya, na mwaka huu nimeona niandike.

1. Enameli, tabaka gumu la nje la jino, na dentini hazitunzwi sawa. Tangu daktari wa meno Buonocore alipotia enameli asidi ya fosfori mwaka 1955, enameli haisumbui: asidi ya asilimia 37 kwa sekunde 15 hadi 30, suuza, kausha mpaka ipauke. Dentini isizidi sekunde 15, na usiikaushe kabisa. Asidi imekwisha kuondoa madini. Zilizobaki ni nyuzi za kolajeni zinazosimama kwa maji. Zikikauka zinalala kama mchicha ulionyauka, na bondi haipati pa kupenya. Ifyonze kwa pamba, ibaki na mng'ao.

2. Mwageni maji ya tanki la kompresa, mashine ya hewa, kila asubuhi. Kwa unyevu huu wa Mombasa linajaa upesi. Kabla mgonjwa hajaketi, puliza hewa kwenye kioo cha mdomoni. Ukiona tone la maji au mafuta, usiguse jino.

3. Zirkonia, keramiki ngumu ya kutengenezea krauni, yaani kofia ya jino. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa nilimkosea mtu.

Alikuwa bi mkubwa wa Likoni, gego la chini, jino fupi. Nilijaribisha krauni, ikakaa vizuri, ikatoka na mate. Nikafanya nilivyozoea kwa keramiki ya kioo: nikaijaza jeli ya asidi ya fosfori kuisafisha, nikasuuza, nikapaka praima, dawa ya kuandaa uso, yenye MDP, kemikali ya kuishikisha krauni, nikabandika kwa saimenti. Niliamini nimekuwa mwangalifu.

Wiki tatu baadaye alivuka feri, krauni imefungwa kwenye pembe ya leso. "Mwanangu, jino lako hili hapa." Alikuwa amekula kashata. Nikailaumu kashata, nikarudia kazi ile ile, asidi nikaiacha muda mrefu zaidi. Ikatoka tena, safari hii kwenye harusi ya mjukuu wake, akakaa na mkono mdomoni mpaka wageni wakatawanyika. Alipokuja hakusema neno. Alifungua leso, akaiweka krauni kwenye trei.

Ndipo nilipoitazama kwa mara ya kwanza. Ndani palikuwa peupe, hapana hata chembe ya saimenti. Saimenti yote ilibaki kwenye jino. Jino lilishika, krauni ndiyo iliyokataa.

Zirkonia hupenda fosfeti. MDP huishika kwa fosfeti yake, lakini mate nayo yana fosfeti, na asidi ya fosfori ndiyo zaidi. Praima ilipofika ilikuta nafasi zimekaliwa. Nilidhani nausafisha uso ule, kumbe nauziba. Asidi ya haidrofloriki, inayochimba keramiki ya kioo, nayo isingenisaidia, maana zirkonia haina kioo cha kuchimbwa. Mara ile nikaipiga mchanga wa alumina wa maikroni 50 kwa shinikizo dogo, baada ya kujaribisha, kisha praima. Haijatoka tena.

Lakini zile safari, na mkono ule mdomoni siku ya harusi, nilimsababishia mimi. Siku ile sikumwambia. Nilimwambia miezi kadhaa baadaye, na ningependa ningemwambia mapema.

Kwa hiyo krauni ikitoka, msiioshe kwanza. Tazameni saimenti imebaki upande gani.

4. Dawa ya muda ya kuziba jino yenye yujenoli, kiini cha mafuta ya karafuu, huzuia rezini ya bondi na jazo kuganda; isafisheni yote. Jino lililofanyiwa blichi lisubiri wiki 2 kabla ya bondi. Mate yakigusa enameli iliyokwisha kutiwa asidi, usifute kwa pamba ukaendelea; suuza, utie asidi upya. Mpira wa kutenga jino mnaujua. Uwekeni kwenye jino hata foleni ikifika mlangoni.

Yule wa juzi nilimshika mkono kabla hajafungua chupa. Tulilowesha dentini tena kwa kipamba chenye maji, tukafyonza yaliyozidi, tukaitazama pamoja chini ya taa mpaka naye akauona mng'ao.