Nguvu ya moduli huhesabiwa kwenye antena

SWALI: Ndugu Mhariri, ninalima maparachichi wilayani Rungwe. Bondeni nimefunga vihisio vya unyevu wa udongo vinavyotuma vipimo nyumbani, umbali wa kama kilomita 2, kwa moduli ya LoRa (redio ndogo inayotuma data kidogo mbali kwa umeme mdogo) ya megahezi 868. Kwa kuwa ujumbe ulikuwa ukipotea, fundi alipandisha nguvu ya kurusha hadi kiwango cha juu kabisa, yaani dBm 20 (dBm ni kipimo cha nguvu ya kurusha), kisha akaniuzia antena ya dBi 8 (dBi ni kipimo cha ukuzaji wa antena, yaani inavyokusanya nguvu upande mmoja) ya kufunga bondeni. Sasa vipimo vinafika, lakini kijana wangu anayesomea elektroniki anasema tumevuka kikomo cha sheria. Fundi anajibu kwamba moduli imetoka kiwandani na uwezo huo, hivyo hakuna kosa. Nimsikilize nani?
Mkulima, Rungwe

JIBU: Ndugu mkulima, msikilize kijana wako. Uwezo wa chipu ni jambo moja na ruhusa ya kuutumia wote ni jambo jingine, kwa sababu chipu hiyohiyo huuzwa katika nchi zenye vikomo tofauti, na mtengenezaji humwachia mtumiaji kazi ya kuchagua kiwango kinachokubalika mahali alipo.

Kosa la fundi, ambalo ni la kawaida sana, ni kudhani kwamba namba anayoiandika kwenye programu ndiyo nguvu inayopimwa na msimamizi wa masafa. Namba hiyo ni nguvu inayotoka kwenye moduli tu. Kinachohesabiwa ni nguvu inayoondoka kwenye antena: nguvu ya moduli, ukiondoa inayopotea kwenye kebo, ukijumlisha ukuzaji wa antena. Tukichukulia kwamba kebo yako fupi inapoteza desibeli 1 (kipimo cha kulinganisha nguvu, ambacho dBm na dBi pia hukitumia, ndiyo maana zinajumlishika), hesabu ni 20 kutoa 1 kujumlisha 8, sawa na dBm 27, yaani takriban miliwati 500.

Linganisha na kanuni za Ulaya, ambako moduli nyingi za megahezi 868 zimelengwa. Kati ya megahezi 868.0 na 868.6 kikomo ni miliwati 25, zinazohesabiwa kwa kulinganisha na antena ya dipoli, yaani antena sahili ya fimbo mbili. Hapa wengi hujikwaa: dipoli yenyewe ina ukuzaji wa dBi 2.15, kwa hiyo kikomo hicho cha miliwati 25, ambacho ni dBm 14, kinakuwa takriban dBm 16 katika hesabu yetu ya dBi. Mtambo wako unakizidi kwa desibeli 11, ambazo ni zaidi ya mara kumi na mbili. Ukitaka kubaki na antena hiyo bondeni, moduli ishushwe hadi dBm 9, ambazo ni kama miliwati 8 tu. Kikomo cha kufuata hapa nchini, pamoja na masharti ya uthibitisho wa kifaa, ni vile vinavyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), yenye ofisi ya kanda jijini Mbeya. Nenda na karatasi ya maelezo ya moduli na ya antena kwa pamoja, kwani moja bila nyingine haitoshi.

Je, ujumbe utaanza kupotea tena? Si lazima. Ihamishie antena kubwa nyumbani, kwenye kipokezi, na bondeni urudishe ndogo ya dBi 2, moduli ikiwa dBm 14. Ukuzaji wa upande wa kupokea hauongezi hata miliwati moja hewani, lakini huokoa ujumbe dhaifu sawasawa na ungeongezwa upande wa kurusha. Tahadhari ni moja: kama kipokezi kinajibu vihisio, nguvu yake ya kujibu nayo ishushwe kwa hesabu ileile.

Unaweza pia kupandisha kigezo cha kutandaza mawimbi (spreading factor, mpangilio wa LoRa unaorefusha ujumbe ili usikike ukiwa dhaifu), kutoka 7 kuelekea 12. Kila hatua humsaidia mpokeaji kwa takriban desibeli 2.5, ila hukaribia kuongeza maradufu muda wa ujumbe hewani, na kanuni hizo za Ulaya huruhusu asilimia 1 tu ya muda, yaani sekunde 36 kwa saa. Kwa unyevu wa udongo, ambao haubadiliki kila dakika, kipimo kimoja kwa nusu saa kinatosha kabisa.

Kabla ya yote hayo, hata hivyo, mwambie fundi aipandishe antena ya bondeni juu ya majani ya migomba. Majani yaliyolowa hunyonya mawimbi, na Rungwe mvua haichezi mbali.