Wapiga solo wadogo zangu, someni bamba la nyuma

Jumamosi, kwenye ukumbi mmoja Kirumba, Mwanza, nilimsikia kijana akipiga solo la kizamani kwa gitaa huku eko yake, kile kifaa cha mwangwi, ikirudia kila noti mara sita. Mkono anao, tena mzuri. Lakini rithimu ilizama kabisa. Ni wa nne namwona mwaka huu, na mimi siwezi kunyamaza tena.

1. Anza na santuri, dukani nenda baadaye. Mwangwi wa roki ya Memphis, Marekani, ya miaka ya 1950 ulitoka kwenye rekoda za tepu: hedi (kichwa kinachogusa tepu) moja inarekodi, ya pili inasoma. Tepu ikienda inchi 15 kwa sekunde na hedi zikiachana inchi 2, mwangwi unachelewa milisekunde 133 hivi. Unarudi mara moja, basi. Anayetafuta sauti ya Hank Marvin, mpiga gitaa wa bendi ya Uingereza The Shadows, ana kazi nyingine, maana mashine yake ya mwangwi ya Meazzi ilikuwa na hedi kadhaa. Pedali ya mwangwi mmoja haitakupa mapigo yale hata ukeshe unazungusha vitufe.

2. Tepu hufifisha sauti kali, kwa hiyo kwenye pedali ya dijitali punguza toni ya mwangwi. Pedali ya analogi ya Boss DM-2 inaishia milisekunde 300, nayo inatosha.

3. Umeme. Mzee wa bendi yetu, aliyenifundisha solo, aliwahi kuniazima mashine yake ya tepu. Aliivusha ziwa kutoka Bukoba akiwa ameipakata kama mtoto. Nilimsumbua miezi mitatu, nikiamini sauti ya zamani imo ndani ya lile sanduku tu. Siku ya harusi, Nyegezi, nilichelewa kufunga vyombo. Bamba la nyuma liliandikwa volti 117. Sikuligeukia. Nikachomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 230. Taa yake ikawaka kwa ukali, nikafurahi, nikadhani ndiyo nguvu yenyewe. Hatujamaliza kutuni, harufu ya vanishi inayoungua ikajaa jukwaani. Transfoma imekwenda. Mzee hakupaza sauti. Aliifunika kwa kitambaa chake, akaniuliza, "Mwanangu, bamba ulilisoma?" Ile sauti yake ya chini bado naisikia kila ninaposhika plagi. Usiku ule nilipiga na pedali ya kuazima, mwangwi mmoja mfupi, na wazee walinyanyuka kucheza kwa solo lilelile. Fundi aliisuka transfoma upya baadaye, lakini nilishindwa kumwomba tena.

Na msidhani stepdauni, transfoma ya kushusha volti, inamaliza yote. Kuna mota zinazofuata hezi za umeme: ya hezi 60 ikilishwa 50 za umeme wetu inazunguka polepole, na mwangwi wa milisekunde 250 unakuwa 300.

4. Eko ikae baada ya ovadraivu, ile pedali ya kukwaruza sauti.

5. Ipime eko huku bendi nzima ikipiga, rithimu na besi zikiwepo. Chumbani kila eko ni tamu.

Wewe wa Kirumba, njoo mazoezini Jumanne na pedali yako. Nitabeba santuri, tuhesabu milisekunde pamoja.