Redio ya jamii ya wati 50: msinunue transmita kwanza

Mkuu, nimekusoma. Kikundi chenu kimeshachanga, mji wenu mdogo hauna redio yake, na muuzaji wa Kariakoo amewaambia kuwa transmita (mtambo wa kurushia matangazo) ya wati 50 ni nguvu ndogo, mnaweza kuwasha tu na leseni itafuata. Mimi ni katibu, na fundi pale fundi anapokosekana, wa redio ya jamii huku Kanda ya Ziwa tangu ikiwa wazo la watu wachache chini ya mwembe. Nitajibu kwa urefu, mnivumilie.

Msiwashe. Na hiyo transmita msiinunue bado.

Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 haimpi mtu ruhusa ya kurusha matangazo bila leseni eti kwa sababu wati zake ni chache. Leseni ya maudhui, yaani vipindi, ni kitu kimoja, ya masafa, yaani namba ya hewani mtakayorushia, ni kitu kingine, na vyote viko mikononi mwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania. Halafu wati 50 si mchezo. Ukiziweka juu ya kilima kizuri zitafika vijiji ambavyo hujawahi hata kukanyaga. Isitoshe, bendi ya FM inaishia megahezi 108, na hapo hapo juu yake vinaanza vifaa vya kuongozea ndege, kisha kuanzia 118 ni rubani na mwongozaji wanaongea. Transmita ya bei chee isiyo na kichujio (kifaa cha kuzuia mawimbi yasiyotakiwa) inatema uchafu nje ya masafa yake, na fundi wenu hataujua kwa sababu kwenye redio ya mezani sauti inasikika safi kabisa. Wenye vipimo watauona.

Udogo wa nguvu una faida, ila siyo hiyo mliyoambiwa. Faida yake ni kwamba masafa yale yale yanaweza kutumika tena jirani. Nairobi, Koch FM ya Korogocho na Pamoja FM ya Kibera zote zimekaa kwenye 99.9, kila moja inahudumia mtaa wake. Kwa hiyo ukiomba eneo dogo, lenye mipaka inayoeleweka, unarahisisha kazi ya anayekutafutia nafasi. Wengi wanaomba mkoa mzima halafu wanashangaa kuambiwa nafasi hakuna.

Sasa niseme jambo ambalo kwetu lilikula muda kuliko karatasi zote za leseni: redio ni ya nani?

Mtacheka, ila subirini. Siku mkitangaza kwamba mnaanzisha redio, watu watatu watawafuata. Wa kwanza ni mfanyabiashara atakayesema "mimi natoa kila kitu", studio iwe kwenye jengo lake, na meneja awe kijana wake aliyemaliza chuo. Wa pili ni mwanasiasa, au mtu wake. Wa tatu ni taasisi ya dini yenye nia njema kabisa na ratiba ya vipindi tayari mfukoni. Kwetu walikuja wote, na kikao cha kumkatalia yule wa kwanza kilituvunjia urafiki ambao mpaka leo haujarudi. Lakini tulikataa, kwa sababu anayemiliki kiwanja, jengo na jenereta ndiye mwenye redio, leseni iwe imeandikwa jina lolote. Na ukishapewa leseni huwezi kubadilisha umiliki kimyakimya. Mamlaka lazima ijue na iridhie.

Kwa hiyo anzeni na chombo cha kisheria. Njia zipo, mfano wadhamini waliosajiliwa RITA (wakala wa serikali wa usajili na udhamini), au asasi isiyo ya kiserikali. Sisi tulichukua njia ya wadhamini. Nashauri wadhamini watoke kata tofauti, wawemo wanawake kwa idadi ya kueleweka wala siyo mmoja wa kupamba orodha, na katiba iseme wazi kwamba kiongozi wa redio akichukua fomu ya kugombea cheo cha siasa anajiuzulu siku hiyo hiyo. Kipengele hicho mtakishukuru wakati wa uchaguzi.

Kama hamjawahi kuona redio ya jamii kwa ndani, nendeni mkaone kabla ya kuandika chochote. Redio ya ORS ya Terrat, Simanjiro, ilianza miaka ya mwanzo ya 2000 ikilenga wafugaji. FADECO iko Karagwe, Sengerema nako wana yao, na Pangani FM imekua pamoja na asasi ya UZIKWASA. Kaeni studio siku nzima, halafu muulizeni mhasibu, siyo mtangazaji. Mtangazaji atawaambia raha ya kazi.

Tuje kwenye mitambo, maana najua ndiko moyo wenu uliko.

Kwenye FM urefu wa antena unashinda wati. Mawimbi haya yanasafiri karibu kama macho yanavyoona. Kwenye tambarare, antena ikiwa mita 30 juu upeo wake ni kama kilomita 22, na ukitaka upeo huo uwe mara mbili inabidi upande mita 120. Ndiyo maana kilima kimoja cha bure kina thamani kuliko transmita kubwa. Kutoka wati 50 kwenda 100 unaongeza desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha nguvu kuongezeka au kupungua), msikilizaji wa pembezoni hataona tofauti ya maana. Lakini kilima kikiwa kati yako na kijiji, hata wati 500 haziwasaidii sana wale wa nyuma yake.

Na kebo! Hapa ndipo pesa za wanakijiji zinapopotelea. Waya mwembamba wa RG-58 ambao muuzaji "anawazawadia" unapoteza karibu desibeli 5 kwenye mita 30. Yaani katika wati 50 zenu, zinazofika kwenye antena ni kama 17, nyingine zinapasha waya moto. Kebo nene ya nusu inchi kwa urefu huo huo inafikisha zaidi ya wati 40. Bora transmita ndogo yenye kebo nzuri. Antena nayo ikatwe kwa masafa mliyopewa, na hii ndiyo sababu nasema msinunue sasa: masafa hamyajui. Hamtachagua nyinyi, mtapangiwa. Kama mko karibu na mpaka, mfano Ngara au Kyerwa, jueni kuna kuoanisha na nchi jirani, muda unaongezeka.

Mkinunua baadaye, ulizeni vitu hivi: ina ithibati inayokubalika na TCRA? Ina kichujio cha kutoa? Ina limita, yaani kidhibiti cha kuzuia sauti isizidishe upana wa masafa, kilohezi 75 kila upande? Na ile preemfasisi (jinsi mashine inavyokuza sauti nyembamba kabla ya kurusha) iwe mikrosekunde 50. Mashine zilizotengenezewa soko la Marekani zinakuja na 75, na watu watalalamika redio yenu inapiga miluzi kwenye kila "s". Waya wa kupeleka radi ardhini, msijadiliane kuhusu gharama yake. Huku kwetu ziwani radi haina utani.

Mlingoti una wakubwa wake pia: kibali cha ujenzi cha halmashauri, mamlaka ya usafiri wa anga (TCAA) kwa urefu, na NEMC, baraza la mazingira. Hivi vinaweza kwenda sambamba na maombi ya leseni.

Maombi yenyewe siku hizi ni ya mtandaoni, kupitia mfumo wa TCRA. Hati za usajili, TIN, mpango wa biashara, mchoro wa kitaalamu, ratiba ya vipindi, sera ya uhariri, wasifu wa watendaji. Hakuna uchawi. Nendeni ofisi ya kanda mkaongee kabla ya kujaza, wanawasikiliza vizuri kuliko watu wanavyodhani. Jina la mwombaji hutangazwa ili umma utoe maoni, na hapo ndipo yule mfanyabiashara mliyemkatalia anaweza kuandika barua. Muwe na muhtasari wa mikutano ya vijiji wenye sahihi za watu. Sisi ulitusaidia kuliko mchoro wa mhandisi.

Kwenye ratiba msidanganye. Mkiandika saa 18 za vipindi vya ndani mtatakiwa kuzitimiza. Na kumbukeni lugha ya matangazo ni Kiswahili au Kiingereza. Kipindi cha lugha ya nyumbani kinahitaji kibali, hata kama bibi zetu ndio wasikilizaji wakuu.

Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 nayo inagusa watu wenu. Mwanahabari anatakiwa awe na elimu inayotambuliwa na ithibati. Kijana mwenye sauti tamu aliyeishia kidato cha nne anaweza kujitolea kwenye mambo mengine, chumba cha habari kina masharti. Pangeni mshahara wa angalau watu wawili waliosomea.

Halafu hela ya kila mwezi, ambayo kwenye harambee haitajwi: LUKU, betri na inveta kwa ajili ya umeme unaokatika, intaneti, ada za mwaka za leseni na masafa, mirabaha ya muziki. Wafadhili wananunua vifaa, umeme hawanunui. Kinachotuweka hewani sisi ni vitu vidogo: kadi za salamu, matangazo ya misiba, minada ya Jumamosi, ng'ombe aliyepotea, saccos na maduka ya pembejeo msimu wa kupanda. Kipindi cha bei za mazao ndicho kilichowafanya wakulima wakubali kuchangia kila mavuno. Kabla ya kipindi hicho walikuwa wanatusikiliza tu.

Kama pesa mmeshazishika na mkono unawawasha, nunueni rekoda mbili nzuri na maikrofoni. Anzeni kurekodi simulizi za wazee, vikao vya kijiji, kwaya na ngoma. Hakuna leseni ya FM inayohitajika kurekodi na kusikilizishana kwenye mkutano, na siku mkipewa masafa mtakuwa na vipindi na watu waliozoea kazi.

Leta hapa jina la wilaya, urefu wa kilima mnachokifikiria, nani anamiliki hicho kiwanja, na kijiji cha mbali kabisa mnachotaka kufikia kiko kilomita ngapi na upande gani. Nitakupigia hesabu ya antena na kebo bila malipo.