Kwa mwandishi mgeni Washington: azimio dogo la Smithsonian usiliruke

Ukipangiwa kufuatilia Bunge la Marekani, wiki za mwanzo utakutana na maazimio mafupi yenye jina la mtu mmoja na neno Smithsonian, yaani taasisi ya makumbusho na utafiti ya Marekani. Wengi huyapita. Mimi wanaoanza kazi huwapa hayo kwanza, maana ni maneno machache, na ukiyaelewa hutababaishwa na mambo makubwa zaidi.

Smithsonian iliundwa kwa sheria ya tarehe 10 Agosti 1846. Bodi yake ina watu 17: Jaji Mkuu, Makamu wa Rais, maseneta 3, wawakilishi 3 na raia 9. Hao raia ndio ambao uteuzi wao unahitaji azimio la pamoja, yaani lipite Seneti na Baraza la Wawakilishi, kisha Rais alitie saini, liwe sheria kamili. Sisi tuliozoea kukuta jina la mjumbe wa bodi kwenye Gazeti la Serikali huponyokwa na kalamu tukaandika "Rais amemteua". Usiandike hivyo. Jina huwa limetoka kwenye Bodi yenyewe, na wanaolipeleka bungeni kwa kawaida ni wale wale maseneta na wawakilishi walio wajumbe wake. Ndiyo, kwa kiasi fulani wanachaguana. Habari ipo hapo, ila si ya wiki yako ya kwanza.

Chukua mfano wa John Fahey na Risa Lavizzo-Mourey, wawili kati ya hao wajumbe raia. Waliingia 2014, muhula wa miaka 6 ukaisha Februari 2020, wakateuliwa tena, kila mmoja kwa azimio lake. Jihadhari na namba za maazimio: mara nyingi azimio huwasilishwa kwa nakala pacha, moja Seneti, moja upande wa pili, na inayofika kwa Rais ni moja tu.

Sasa shuka hadi sentensi ya mwisho. Maazimio ya miaka ya karibuni husema muhula mpya unaanza siku baada ya ule wa kwanza kuisha, au siku azimio linapokuwa sheria: kati ya hizo mbili, inashikwa ile ya baadaye. Kwa hiyo kamati ikilala, kiti kinakaa wazi hata kama mhusika hana anayempinga, na miaka 6 yake inasogea mbele pamoja na ucheleweshaji huo. Ukikokotoa mwisho wa muhula kwa tarehe ya zamani, utakosea.

Posho msiihangaikie, utumishi huu hauna malipo, hurudishiwa nauli na gharama tu.

Desturi ni mihula miwili mfululizo, basi. Ukiona neno la kuteuliwa tena, jua kiti kina tarehe ya kuachwa, uiandike kwenye shajara. Na mhariri akikuuliza nani atafuata, anza na sheria: raia 2 lazima wawe wakazi wa Washington, 7 watoke majimboni, na jimbo moja halitoi wawili. Futa majimbo yaliyokwisha kuchukuliwa, ndipo uanze kupiga simu.